Madoa Manne Meupe

Mkono uliovunjika ulikuwa wa Firdausi wa Vihingo, lakini aliyeshindwa kupeleka tonge mdomoni alikuwa Kabula wa Misugusugu. Siku tatu mfululizo alisonga ugali, akaupakua, akautazama mpaka ukaota ngozi. Binti yake Juliana alimuuliza, "Mama, unaumwa?" Akajibu, "Siumwi, nimeshiba." Ameshiba nini, hakusema. Dhambi nayo hushibisha.

Na ili mtu aielewe dhambi hiyo, aijue kwanza mikono ya Kabula, maana mengine yote katika maisha yake alikuwa amekwisha kunyang'anywa.

Alizaliwa kwenye boma la ng'ombe la Wasukuma huko kaskazini. Baba yake alipohamisha mifugo kuja kutafuta malisho Pwani, wakaishia kijiji cha Janga. Kaka zake wawili wakapelekwa shule. Yeye akaambiwa atachunga, atapika, kisha ataolewa. Akachunga, akapika, akaolewa, na mwanamume aliyemwoa akaenda kutafuta kazi migodini, akapata kazi na mke wa huko huko. Hakurudi hata kuchukua viatu vyake. Kabula akabaki na mtoto mgongoni na mikono miwili.

Lakini ilikuwa mikono inayojua. Akishika unga wa mtu alijua kama umetiwa pumba. Akishika kiwele cha ng'ombe alijua kama kitavimba kesho. Alipokwenda kuomba kazi kwa Zahoro, mwenye karakana ya vipande vya mpira vya magari pale Misugusugu, Kibaha, kando ya barabara, alipewa fagio. Haukupita mwezi, fagio likawa limeegemea ukuta na Kabula yuko mezani, anakata mpira kwa kisu kilicholowekwa maji ya sabuni, kwa sababu wanaume waliokata kabla yake walikuwa wakiharibu kipande kimoja katika kila vitano, na yeye hakuharibu. Cheo hakikubadilika. Miaka saba alikata mpira, na miaka yote saba Zahoro alimwita mama wa usafi.

Mwaka jana akaja kijana mmoja, Ipyana, mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi, amebeba makopo mawili. Moja lilikuwa na mpira wa maji, mzito kama uji wa ulezi. La pili lilikuwa na unga wa chuma, mweusi, laini kuliko sembe. Akasema ukivichanganya vikaganda pamoja, unapata mpira ambao ukiusogezea sumaku unakakamaa, na ukiiondoa sumaku unalegea tena.

"Mwalimu," akasema fundi mmoja, "huo ni mpira au ni mume mwenye wivu?"

Karakana nzima ikacheka, na Ipyana naye akacheka, kwa sababu alikuwa kijana mwema. Kisha akaeleza anautakia nini. Kule Vihingo, Kisarawe, kikundi cha akina mama kilikuwa na mashine ya kusaga inayoendeshwa na injini ya dizeli. Chumba cha mashine kimepakana ukuta na madrasa. Ukiiweka mashine juu ya mpira mgumu, mtikisiko wote unashuka sakafuni na kupanda ukutani, na ukuta wa madrasa ulikuwa umeshapasuka nyufa mbili za kuingia kidole. Ukiiweka juu ya mpira laini, ukuta unapona, lakini injini wakati wa kuwaka na wakati wa kuzimika inarukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Mpira wa Ipyana ungekuwa mgumu wakati wa kuwasha na laini wakati wa kusaga. Mwashaji angevuta tu mpini wa kusogeza sumaku chini ya miguu ya mashine, na injini ikishatulia angeurudisha.

Maneno yalikuwa matamu, kazi ikakataa. Unga wa chuma ulikuwa ukizama chini kabla mpira haujaganda, juu unabaki mpira mtupu. Wiki sita walimwaga na kutupa. Kabula alitazama, akanyamaza, maana mama wa usafi haulizwi. Siku moja hakuweza kuvumilia tena.

"Mwalimu, samahani. Uji ukitia karanga mapema zinazama. Ukisubiri uanze kushika mwiko ndipo utie, zinakaa pale pale."

Ipyana akamtazama. "Mama Juliana, hebu njoo ushike mwiko wewe."

Akaushika. Alikoroga mpaka mkono wake ukamwambia bado kidogo, bado kidogo, sasa. Akatia unga wa chuma, akamimina kwenye boksi la chuma, na hapo hapo wakaweka sumaku juu na sumaku chini. Mpira ulipokomaa, Ipyana aliukata, akautazama kwa lenzi, akapiga ukelele. Unga wa chuma ulikuwa umejipanga misururu iliyonyooka kutoka chini hadi juu, kama watu kwenye foleni ya maji. Nguvu ya mpira ule iko katika hiyo misururu. Ikisimama wima chini ya mzigo, sumaku inaikaza na mpira unabeba. Ikilala, sumaku haina cha kukaza, na mpira unabaki tepetepe.

Hapo ikaja shida nyingine. Vipande vilikatwa pande zote sawa, mfano wa kipande cha sabuni ya kufulia, na vyote ni vyeusi tii. Kikishatoka kwenye kisu, hakuna jicho linaloweza kusema upande upi ulikuwa juu. Ipyana alitaka kuagiza kifaa cha kupimia. Kabula alichomoa uzi kwenye pindo la kanga yake, akakining'iniza kipande mbele ya sumaku kubwa iliyotoka kwenye spika mbovu. Kipande kikayumba, kikajizungusha chenyewe taratibu, kikatulia kimeielekezea sumaku ncha za misururu yake. Kabula akachovya kijiti kwenye rangi nyeupe, akatia doa upande ule. Maana ya doa hilo ikawa: huku ndiko juu.

Tangu siku hiyo hakuna kipande kilichotoka bila doa lake. Mtu ambaye hajawahi kuandika hata jina lake alikuwa sasa na alama, na wenye elimu walikuwa wanaifuata. Usiulize alivyokuwa akitembea njiani kurudi nyumbani jioni zile.

Kisha wakaja wageni wenye kamera, kutazama ubunifu wa karakana. Zahoro alivaa kanzu mpya. Alishika kipande, akakisogeza kwenye sumaku, akaeleza uji na karanga, akaeleza uzi wa kanga, neno kwa neno, na kila mahali palipokuwa na Kabula aliweka "mimi". Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akamwona Kabula amesimama mezani na kijiti cha rangi mkononi.

"Na huyu je, naye ni fundi?"

"Huyu?" Zahoro akatabasamu. "Huyu ni mama yetu wa usafi. Hajasoma, lakini ana bidii. Mama Juliana, hebu kimbia hapo dukani ukawaletee wageni soda."

Kabula akamtazama Ipyana. Ipyana akatazama viatu vyake.

Akaenda kuleta soda. Alizibeba kreti nzima kichwani, akawafungulia mmoja mmoja. Wageni walipoondoka, mafundi wakawasindikiza mpaka barabarani, na yeye akabaki peke yake na vipande vinne mezani, miguu minne ya mashine ya Vihingo. Vilikuwa vimeshapimwa kwa uzi, kila kimoja kimekaa vizuri, juu yake juu, vinangoja rangi tu. Kabula alichukua kijiti. Akakigeuza kipande cha kwanza, akatia doa ubavuni. Akakigeuza cha pili. Na cha tatu. Na cha nne. Akavipanga tena mezani.

Aliwaza hivi: mashine itacheza ngoma mbele ya watu wa Vihingo, na Zahoro atasimama pale na kanzu yake mpya ajue ladha ya aibu. Hakuwaza zaidi ya hapo. Hakumfikiria mtu atakayesimama pembeni ya mashine. Huo ndio ukweli, na haukumsaidia kitu baadaye.

Jumatatu Ipyana na Zahoro wakapeleka miguu Vihingo, wakaipachika kwa kufuata madoa. Mwashaji alikuwa Firdausi, mwanamke wa makamo, miaka tisa kwenye mashine ile. Akavuta mpini wa sumaku kama alivyofundishwa, akazungusha hendeli, injini ikashika. Mashine ikainama upande mmoja, ikaruka, ikatoka kwenye mstari wake. Mkanda wa injini ukachomoka na kumchapa mkono wa kulia, mkono ukavunjika juu kidogo ya kiwiko, pale ambapo hata waganga wa mifupa hawapapendi.

Kabula alisikia jioni, anafagia. Zahoro alikuwa akizungumza kwenye simu, kwa sauti ya mtu asiye na deni na Mungu.

"Mpira hauna tatizo lolote, mwenyekiti. Tumeujaribu hapa mara kumi. Yule mwanamke wenu hakuvuta mpini. Mimi siwezi kumlaumu sana, hajasoma. Kazi hizi zinataka mtu aliyesoma." Akasikiliza, akaongeza, "Ndiyo, kaeni kikao. Alhamisi nitakuja mwenyewe. Mtafute kijana aliyemaliza fomu foo."

Fagio likasimama. Maneno yale Kabula aliyajua yote. Yalikuwa yake. Alikuwa ameyavaa miaka saba kama nguo ya kazi, na sasa, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameyavua na kumvika mwanamke mwingine asiyemjua hata kwa sura.

Ndipo ugali ulipoanza kumshinda.

Usiulize kwa nini hakusema siku ile ile. Alijaribu. Jumanne alimfuata Zahoro, akamwambia, "Bosi, ile mipira..." Zahoro akamwambia choo kinanuka. Na ndani ya moyo wa Kabula, hebu tuseme yote, kulikuwa na kitu kilichoshukuru kwa kukatizwa. Jumatano pia akapata sababu. Mtu anayetaka kunyamaza hakosi sababu.

Alhamisi alfajiri akamwachia Juliana ufunguo, akapanda gari mpaka Kisarawe, akapanda bodaboda mpaka Vihingo. Alifika kabla ya kikao. Nje ya chumba cha mashine, juu ya benchi, alikaa mwanamke mwembamba, mkono wa kulia umefungwa plasta na kuning'inizwa kwa kitambaa shingoni.

"Asalaam aleikum," akasema Kabula.

"Waaleikum salaam. Karibu, dada. Umetokea Kibaha?" Firdausi akajisogeza, akampa nafasi, akaita aletewe maji. "Wewe ni wa kwa Zahoro?"

"Ndiyo."

"Basi wewe unayajua mambo yale. Niambie." Akashusha sauti. "Mimi nilivuta ule mpini. Nakumbuka ubaridi wake mkononi. Lakini kila mtu anasema sikuvuta, na jana nimeanza kujiuliza mwenyewe, huenda kweli sikuvuta. Mtu anaweza kukumbuka kitu ambacho hakukifanya?"

Kabula alikuwa na kikombe cha maji mdomoni. Akakiweka chini.

"Ulivuta," akasema.

"Umejuaje?"

Lakini akina mama walikuwa wameanza kuingia, na Zahoro nyuma yao, na Ipyana nyuma ya Zahoro. Zahoro alipomwona alikunja uso. "Mama Juliana? Nani kakutuma huku?"

"Miguu yangu."

Kikao kilikaa ndani, mbele ya mashine. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Bi Mwanajuma, mama mwenye mvi na ushungi mweusi, ambaye hakupenda maneno mengi. Alimpa Zahoro nafasi, naye akasema yale yale ya kwenye simu, kwa upole zaidi kwa kuwa mwenye mkono uliovunjika alikuwa mbele yake. Akamaliza. Bi Mwanajuma akasema, "Firdausi, mwenzetu, umesikia. Hatukutupi. Lakini mashine itashikwa na mtu mwingine."

Firdausi alikuwa akiangalia hendeli ya injini.

Kabula akasimama. Alikuwa amejipangia maneno njia nzima, na yote yakamkimbia, yakabaki matatu. "Nilifanya mimi."

"Ulifanya nini?"

"Madoa meupe. Niliyatia ubavuni. Mipira imelala chini ya mashine. Hata angevuta mpini mpaka ung'oke, isingekaza."

Zahoro akacheka, kicheko cha huruma. "Bi Mwanajuma, msimsikilize. Ana moyo mzuri, ameona mwanamke mwenzake anaumia anataka kumbebea. Huyu anafagia kwangu. Hajui hata hiyo sumaku inafanya nini."

"Msukuma wa watu," akasema mama mmoja nyuma, "ameacha ng'ombe zake kuja kutuungamia dhambi za sisi Wazaramo." Wengine wakacheka.

Basi tazama mambo. Miaka saba Kabula alitaka watu waamini kwamba anajua. Leo alitaka waamini kwamba ana hatia, na hawakuamini, kwa sababu walishaambiwa hajui. Angeweza kukaa. Mlango ulikuwa wazi, na watu walikuwa tayari kumpenda kwa moyo wake mzuri. Kwa dakika nzima, kama si zaidi, alitamani kukaa.

"Toeni mguu mmoja," akasema. "Wowote. Na sumaku."

Bi Mwanajuma akawaashiria akina mama. "Toeni."

Walipoinua mashine na kuleta kipande, Kabula alichomoa uzi kwenye pindo la kanga aliyovaa, akakifunga, akakining'iniza. Akasogeza sumaku. "Doa hili linatakiwa kuitazama sumaku," akasema. "Tazameni." Kipande kikayumba, kikajizungusha, kikatulia. Doa jeupe lilikuwa limetazama ukutani.

Hakuna aliyecheka. Kabula akamgeukia Ipyana. "Mwalimu, leo pia utatazama viatu?"

Ipyana alikuwa amekwajuka. Akasimama. "Anasema kweli. Imelala." Akameza mate. "Na mpira huu ni kazi yake. Namna ya kuukoroga, namna ya kupima upande, yote ni ya Kabula. Nilikuwepo wageni walipokuja na sikusema. Na Jumatatu nilifuata madoa bila kupima, kwa sababu hajawahi kukosea."

Ndivyo jina la Kabula lilivyotajwa mara ya kwanza mbele ya watu, na aliyekuwa amelingoja miaka yote alitamani ardhi ipasuke.

"Kwa hiyo ulijua," akasema Bi Mwanajuma.

"Nilijua."

"Hukukosea."

"Sikukosea. Nilifanya makusudi. Zahoro alinidhalilisha, nikataka aaibike."

"Na Firdausi alikukosea nini?"

Swali lile alikuwa amejiuliza kwa siku tatu, lakini kusikia linatoka kinywani mwa mtu mwingine kulikuwa kitu kingine. "Hakunikosea," akasema. "Nilikuwa simjui."

Bi Mwanajuma hakupandisha sauti. "Geuza mipira yako," akasema. "Yote minne. Kisha utawasha wewe. Utasimama pale pale alipokuwa amesimama mwenzako. Kama umesema kweli, haitaruka. Kama umesema uongo, tutajua kwa mkono wako."

Kabula akapiga magoti sakafuni, akapima vipande kimoja kimoja kwa uzi, akavigeuza, akavirudisha kwenye vikombe vyake vya chuma. Alipima kila kimoja mara mbili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akasimama penye alama za miguu ya Firdausi, upande wa mkanda. Akavuta mpini. Ulikuwa baridi kweli. Akazungusha hendeli, na injini ikakohoa, ikashika.

Mashine ilitetema, ikajizuia, ikasimama kwenye mstari wake. Kabula akangoja mlio unyooke, akaurudisha mpini, na mtikisiko wote ukazama ndani ya mipira kama maji mchangani. Upande wa pili wa ukuta watoto wa madrasa walikuwa wanasoma kwa sauti, na wakaendelea kusoma.

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Mwanajuma alisema Firdausi abaki kwenye kazi yake, na mwingine amsaidie kunyanyua mpaka mkono upone. Kuhusu Kabula na Zahoro, akasema, hayo ni ya Kibaha, wakayamalize Kibaha. Zahoro alishatoka nje, anatafuta mtandao wa simu.

Firdausi akaja mpaka penye mashine. Akasimama mbele ya Kabula, karibu, mpaka Kabula akasikia harufu ya dawa kwenye plasta.

"Sogea," akasema. "Hapo ninasimama mimi."

Kabula akasogea. Firdausi akashika mpini kwa mkono wa kushoto, akausukuma kidogo, akaurudisha, kama mtu anayemwamkia mnyama wake. Akina mama walishaanza kupanga foleni na mahindi yao.

"Daktari amesema mkono hautanyooka sawasawa tena," akasema, bila kumtazama. "Nakuambia ujue."

"Nimesikia."

"Sijakusamehe."

"Najua."

Debe la kwanza lilikuwa chini, limejaa, na mashine ilikuwa inazunguka bure. Firdausi aliliangalia, akauangalia mkono wake, akamwangalia Kabula.

"Basi nyanyua, unangoja nini? Unataka mafuta ya watu yaishe?"

Kabula akainama, akanyanyua.